Mche Juu ya Redio ya Mwalimu

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, ambacho siku hizi kina maoni yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Tangu yale mafua chakula ni karatasi mdomoni mwako, na msimamizi amekupokonya mwiko akakuweka kwenye sinki, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuipikia hosteli ile. Eti pilipili za sokoni unazitafuna kama karanga. Basi nimepata mbegu kumi za pilipili kali kupindukia. Aliyenipa alizishika kwa kibanio. Nitakuoteshea, labda zitauamsha ulimi wako. Najua mimi ndiye niliyemwagilia magugu miezi miwili nikidhani ni mchicha, lakini safari hii sikubali.

Mdogo wako, fundi redio

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Wiki tano kimya. Sema kweli, zimeoza? Msimamizi amenipa hadi mwisho wa Oktoba. Nisipoweza kuonja, jiko ni la mpishi mpya moja kwa moja.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mikono. Hazijaoza. Mbegu hizi zinataka joto mchana na usiku, na kitu pekee chenye joto hapa kibandani ni redio kuukuu ya mwalimu mstaafu, ile yenye taa za kioo ndani zinazopata moto. Niliitengeneza kwa siku moja. Kisha nikapanga vikombe vya udongo juu yake, nikaiacha ikiwaka wiki sita. Mwenyewe ameifuata mara nne. Namwambia, "Mwalimu, bado naisikiliza." Jumanne akaniuliza, "Unasikiliza nini, hotuba?"

Jana mche mmoja ulichomoza. Mmoja kati ya kumi. Sithubutu kuizima.

Mdogo wako

25 Machi

Mdogo wangu,

Hata salamu sikupi. Mrudishie mzee wa watu redio yake leo, na umweleze ukweli. Ulimi wangu hautapona kwa kumdanganya mtu.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama bado umenuna. Nilimweleza. Akavaa miwani, akauinamia mche muda mrefu. "Huyo dada anapikia watu wangapi?" Nikasema mia mbili. Akaibeba redio, kikombe kikiwa juu yake vilevile, akaondoka polepole kama amebeba mtoto aliyelala. Sasa mche unaishi kwake, unasikiliza taarifa ya habari. Mimi huenda jioni kuumwagilia, naye hunisahihisha.

Mdogo wako

28 Septemba

Dada,

Shikamoo. U mzima? Mpe dereva wa basi aliyekuletea mzigo huu asante yangu. Kwenye kopo hili kuna pilipili tatu, zimekunjamana kama uso wangu. Ya nne niliikata kwa mikono mitupu, halafu nikajikuna jicho. Mwalimu aliniongoza hadi bombani akiniita mwanafunzi mzito. Anza na kipande kidogo kama punje ya mchele, na maziwa yawe karibu.

Mdogo wako

15 Oktoba

Dada,

Wiki mbili hujaandika. Nimekuua? Mwalimu anauliza kila jioni.

Mdogo wako

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba zote ulizonidai. Hujaniua, nilikuwa mazoezini. Siku ya kwanza nililia hadi nikalowesha kanga. Lakini kabla moto haujafika kuna kitu kilipita, kama harufu ya tunda bivu, kufumba na kufumbua. Kesho yake nikakifuata tena, na kesho yake tena. Juzi kilikaa hadi nikahesabu sita.

Leo nikiwa kwenye sinki nikasikia harufu ya vitunguu vinavyoanza kuungua. Mpishi mpya alikuwa amesimama juu ya sufuria hiyohiyo, anapiga soga. Nikafuta mikono, nikamtoa mwiko mkononi.

Msimamizi yuko mlangoni tangu hapo, ananitazama. Nami sijamwomba ruhusa. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili una kazi.

Mwambie mwalimu atunze mbegu.

Dada yako, mpishi