Nyumba ya Feni

Mwigobero, Musoma
6 Agosti 1989

Dada yangu mpendwa Wegesa,

Nakusalimu sana, na kama umeamka salama itikia hukohuko Butiama, mimi nina masikio marefu, nitasikia. Baba na Mama hawajambo? Mguu wa Baba unaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anatuchezea? Na Gati wetu je? Wankyo, muuza chai wa stendi ya huko, alipokuja huku sokoni alituambia kwamba mtoto anakimbizana na mbuzi mpaka jioni na kifua hakilii tena. Tulifurahi sote. Shemeji Leodgar alifurahi mpaka akatoka nje, akakaa juu ya gogo peke yake.

Sisi huku tu wazima. Mimi ndiyo usiulize, nimenenepa, shati la harusi yako halifungi. Mambo yamelegea kidogo, sukari inaonekana, sabuni inaonekana. Unakumbuka tulivyokuwaga tunaombea msumari kibali kama watu wanaokwenda Ulaya? Siku hizi ni ruksa, bati unalikuta dukani limesimama linakungoja wewe.

Dada, barua hii ni ya habari za vumbi. Najua ukiliona neno hilo utataka kuikunja. Usiikunje. Mwezi wa tatu ulipomshika Gati mkono mkapanda basi, ulisema hurudi kwenye nyumba ambayo ukuta wake mmoja ni wa karakana, na mtoto akilala kifua kinapiga mluzi kama birika. Ulikuwa na haki. Mumeo Leodgar alikosea kukujibu kwamba mke wa seremala hula vumbi kama mke wa mvuvi anavyokula samaki. Neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki ningu, halishuki wala halitoki. Sasa sikia mdogo wako alivyofanya.

Mimi ni mtu niliyetembea, hilo hata maadui zangu wanakubali. Nilipokuwa utingo nilifika Kisumu, nikafika Nakuru, na kule kwenye karakana moja ya samani niliona mabomba ya bati yametambaa darini kama chatu. Kila bomba limeteremsha mdomo juu ya mashine yake, na vumbi linamezwa pale pale kwenye msumeno kabla halijafika kwenye pua ya mtu. Wenzangu walikuwa wanatazama wasichana, mimi natazama mabomba. Wasichana niliwatazama baadaye.

Basi nikaenda Bunda, pale Kabasa, kwa Machage anayeuza vyuma chakavu. Nikakuta feni iliyokuwa inavuta pamba kwenye kiwanda kilichokufa zamani. Dada, feni hiyo ukisimama nayo ni kama umesimama na padri, lazima uvue kofia. Machage akasema ile ni chuma cha kuyeyusha tu. Nikamwambia kwake ni chuma, kwangu ni pafu. Tukabadilishana kwa kitanda cha mninga, nikaileta Musoma juu ya lori la mahindi, nimeikumbatia njia nzima ili isidondoke, abiria wananicheka kwamba nimeoa.

Siku tulipoiwasha, mtaa mzima ulitoka nje. Ilinguruma mpaka kuku wa Justina, yule jirani wa dagaa, wakapanda juu ya paa, na Justina mwenyewe akaja kuuliza kama ndege imeangukia kwetu. Hapo ndipo nikaona kwamba feni kama hiyo lazima iwe na nyumba yake. Tukaijengea nyuma ya karakana, upande ulio mbali na chumba cha mtoto. Ukuta wa matofali, ndani tukaupigilia magunia yaliyoshindiliwa marapurapu ya pamba ili kelele zinywewe humo humo. Mlango wa mbao nzito, pembeni tumezungushia mpira wa tyubu ili hata sisimizi asipite. Kelele zikafa kabisa. Na feni nayo ikataka kufa. Ilikuwa inavuta hewa haina pa kuitoa, mota ikapata moto, ikaanza kunuka kama mandazi yaliyosahauliwa.

Basi nikatoboa tundu kubwa upande wa ziwa. Nilifanya jaribio asubuhi, mbele ya watu. Vumbi likatoka kama moshi wa treni, likaenda zake ziwani kwa adabu, watu wakapiga makofi, nikainama kidogo kama mbunge. Nikasema ziwa ni kubwa, litakula.

Saa nane mchana upepo ukageuka. Kumbe upepo wa ziwa asubuhi huenda na wavuvi, mchana hurudi nyumbani kama kila mtu. Vumbi lote lilirudi likatua juu ya dagaa wa Justina walioanikwa mchangani. Akaja na ungo kichwani, akautua miguuni kwangu, akaniambia, Magige, nisaidie kuuza, hawa ni dagaa wa unga wa mninga. Nilipojaribu kujitetea akasema mtu wa ng'ombe asimfundishe mtu wa ziwa kupumua, maana ng'ombe akigeuka upepo unamfuata nyuma, lakini ziwa halina mkia wa kukuonyesha upepo uko wapi. Nimeuchekea usemi huo mpaka leo, ingawa siku ile sikucheka. Dagaa wale tulimfidia kwa meza mpya ya kuanikia, ndefu, yenye wavu, na sasa yeye ndiye anayetusifia sokoni.

Tundu likazibwa, na mahali pake yakawekwa magunia marefu ya pamba, yale ambayo mtu mzima anaweza kuingia akasimama. Feni ikivuma yanajaa kama tumbo la ndama aliyekula majani mabichi, hewa inapenya kwenye nyuzi, vumbi linabaki ndani. Jioni unayafungua kwa chini, unalikusanya vumbi, Justina anachukua la kufukizia samaki. Mabomba nayo yakakatwa upya, maana maranda hayapendi kona kali, yanakwama kama ng'ombe kwenye kichochoro. Kila kona ikapindwa taratibu, vipande vitano vitano vya bati, kila kiungo kikapakwa lami. Na kila mashine ina kidirisha chake cha mbao cha kuteleza: unayoitumia unaifungulia, nyingine unazifunga, nguvu yote inakwenda mahali pamoja.

Hapa, dada, nilitakiwa nimalizie kwa kusema njoo uone kazi ya mdogo wako. Ndivyo nilivyoagizwa. Lakini kalamu inagoma, na mimi kusifiwa napenda ila si kwa jasho la mtu mwingine mpaka mwisho.

Yangu ni feni na lile tundu la ziwani. Mengine yote ni ya Leodgar. Mimi nikiwa kijiweni nasimulia habari za Nakuru, yeye alikuwa juu ya ngazi na mkasi wa bati, vidole vimechanika. Yeye ni mtoto wa wavuvi, babu zake walilala kisiwani Rukuba wakivua, angeniambia habari za upepo kama ningemuuliza. Sikumuuliza. Alisema niandike kwamba nimefanya mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, Wegesa akijua ni mimi atarudi kwa huruma, na huruma haimponyi mtoto kifua. Akidhani ni wewe, atakagua kila kiungo mara mbili. Nilitaka kukasirika, lakini nikaona ni kweli.

Tena kuna jambo ambalo hajui kama nililiona. Lile gauni jeupe la Gati la Krismasi, mlilolisahau kwenye msumari, alilitundika juu ya kitanda cha mtoto, akawasha mashine zote, tukapasua mbao kutwa. Jioni akalikung'uta mlangoni. Likatoa vumbi. Akalifua kwa mikono yake, akaziba ufa wa ukutani, akahamisha bomba moja, akalitundika tena. Likatoa kidogo. Akalifua tena. Nimemwona mara nyingi akisimama mlangoni na gauni la mtoto, analipiga, kisha analitazama kwenye jua.

Baba amesema wazi kwamba mkwe wake asipokuja mwenyewe na mzee wa kumsemea, hakuna atakayejibiwa. Basi aliyekuletea barua hii ni Mzee Bernado wa jumuiya yetu, mpe maji ya kunywa. Leodgar yupo naye, ila ameona haya kuingia uani kwa wakwe bila kuitwa. Unaposoma haya amekaa stendi kwa Wankyo, amefunga mbuzi wa kumpa Baba kwenye mguu wa benchi.

Katika mfuko wa Mzee Bernado kuna lile gauni. Halijafuliwa, limeshushwa kutoka juu ya kitanda jana jioni baada ya kazi ya wiki nzima. Litoe nje mwenyewe, kwenye jua, ulikung'ute kwa nguvu zako zote, nguvu zile ulizokuwaga unanichapia utotoni. Likitoa vumbi, mwambie Mzee Bernado, naye atarudi na mwenzake kimya kimya, hakuna atakayekulaumu, na bomba litahamishwa tena. Lisipotoa, mvishe Gati, umtume stendi akamwite baba yake.

Wasalimie Baba na Mama, wape pole ya jua. Justina anakusalimu, kuku wamerudi kutaga. Mimi nabaki hapa kuangalia feni, nikiwaombea wote kwa Mungu.

Mdogo wako akupendaye,
Keraryo Magige