Wa Tatu Jina Lake Unalijua

Mdogo wangu Masereka,

Mama bado anaingiza jiko ndani mvua ikinyesha. Ndiyo, baada ya yote yale! Baada ya kukukuta kwenye ile stoo ya mchele kule Mubuku, mlango umefungwa, mkaa umekwisha, umelala kama mtu aliyechoka tu. Nimemgombeza mpaka sauti ikanikauka. Ananijibu, "Wacha, Masika. Baridi ya Bwera itaniua mbele ya mkaa."

Basi nikaacha kugombana, nikatengeneza kitu. Nivumilie nijisifu kidogo, maana wewe ndiye uliyenicheka kwamba chuoni nasomea kunusa.

Ni kihisi cha gesi, kidogo kama kifungo cha shati. Kina utando wa oksidi ya bati unaopashwa moto. Gesi ya mkaa ikiugusa, umeme unapita kwa urahisi na king'ora kinalia. Nilitengeneza kimoja baada ya kingine, nikaviita kama tunavyowaita watoto wa kiume kwetu, kwa kufuatana kuzaliwa. Baluku, wa kwanza, alikuwa oksidi tupu. Alililia tonto ya mama, ile pombe yake ya ndizi, kuliko mkaa. "Toa hii kelele mu nyumba yangu!" Nikamtoa. Bwambale nilimpaka paladiamu, madini yanayochochea gesi iungue upesi pale juu ya utando. Nilipaka kwa ulafi, ikafunika kila kitu, akawa bubu. Nililia, mdogo wangu. Nilidhani nimeshindwa.

Wa tatu nilimnyunyizia chembechembe tu, moja huku, moja kule. Hahitaji moto mkali, na kwa moto huo mdogo tonto haimshtui tena. Wa tatu jina lake unalijua.

Jumapili mvua ilinyesha. Mama akaingiza jiko, akafunga dirisha, akajilaza. Safari hii sikumzuia. Nilikaa mlangoni, wa tatu nimemtundika ukutani juu yake. Kikalia! Mama akatoka mbio na jiko lake, anapiga kelele: "Masereka iko nalia! Masereka iko nalia!" Halafu akasikia alichosema. Tulishikana palepale kwenye mvua, tukalia, tukacheka. Sijawahi kujivuna hivyo maishani.

Sasa jiko hubaki nje. Akisahau, unamwita.

Wa nne, ambaye kwa zamu jina lake ni Kule, nimeshamwanza. Ni wa stoo ile ya Mubuku, kwa sababu bado kuna vijana wanaolala humo. Nakuahidi nitamtundika kwa mkono wangu, juu ya pale ulipolala.

Pumzika, mdogo wangu. Wewe hukuwa na wa kukuamsha. Mama anaye.

Dada yako,
Masika