Goti Halina Nyusi

Jumatatu, 13 Novemba 2017

Mvua asubuhi, jua mchana. Tempe ya juzi, soya yangu ya kuvundika, imeshika vizuri, nyeupe kama pamba. Imeisha sokoni mapema. Ya jirani yangu Yu Ginem ilibaki. Sisemi kitu.

Wening amerudi shule na habari. Wameanza somo la chimbuko la binadamu. Mwalimu wao wa baiolojia, Pak Jatmika, aliingia na fuvu la plasta ndani ya mfuko wa sokoni, akauliza: huyu ni nani? Mwanangu akanyoosha mkono — huyu ni zamadamu wa kingo za mto wetu, alitembea wima kama sisi, ubongo wake mdogo kuliko wetu. Pak Jatmika akasema hajapata mwanafunzi wa namna hii tangu aanze kufundisha. Hayo kayasema Wening mwenyewe, na Wening hasemi uongo, hata pale uongo ungemfaa.

Akili kaitoa kwangu. Niliishia darasa la sita tu, lakini mwandiko wangu ndio uliokuwa ukibandikwa ukutani.

Yu Ginem aliyasikia yote kupitia uani. Jioni ananiuliza, eti mtoto wako siku hizi anafundishwa kuwa yeye ni nyani? Nikamwambia wa kwako hana haja ya kufundishwa. Akacheka mpaka akashika ua. Kisha akaazima chumvi.

Jumatano, 15 Novemba

Jambo limetokea, dogo.

Nilikuwa nachota mchele. Goti liko juu ya mchele, mahali pake. Goti la jitu. Babu wa marehemu mume wa Mbah alilichimbua shambani baada ya mvua kubwa, na tangu hapo halijatoka kwenye mtungi huu. Mbah ni mama mkwe wangu. Nyumba ni yake, mtungi ni wake, na Goti ni lake. Kazi ya Goti ni kulinda mchele usiishe — na haujawahi kuisha, hata mwaka ule wa panya. Ikizunguka Ijumaa Kliwon, ile ya kila siku thelathini na tano, jioni ya kuamkia siku hiyo Mbah hulitoa, hulifuta, hulimwagia maua na kulifukizia ubani. Mgonjwa akizidiwa, ukingo wake hukwaruzwa kidogo, unga ule akanywa kwa maji ya moto. Zamani kila nyumba hapa ilikuwa na mfupa wa jitu. Wengi wamewapa watu wa makumbusho. Sisi hatujatoa.

Wening akaja kuchukua kata ya maji, akasimama. Amekua na kitu hiki, hajawahi kukitazama mara mbili. Leo akakiinua. Kina umbo la kifuu cha nazi, kizito kama jiwe. Akapitisha kidole gumba mbele, pale palipotuna. Akarudia. Akasema polepole:

"Mama. Goti halina nyusi."

Nikamwambia akirudishe, mchele unaingia vumbi.

Ijumaa, 17 Novemba

Wening ameweka kitabu cha shule na Goti pamoja juu ya mkeka. Mtuno wa nyusi upo. Mteremko wa paji lililolala upo. Kwa ndani kuna vijistari, anasema ni alama za mishipa ya ubongo. Goti letu ni paa la kichwa cha mtu.

Kang Darmin, mume wangu, akainama, akatazama, akasema kweli vinafanana. Kisha akaenda kuwaona mbuzi. Mume wangu akikutana na neno zito huwakumbuka mbuzi.

Wening akamwendea Mbah barazani. "Mbah, lile si goti. Ni kichwa."

Mbah akatafuna tambuu yake, akatema. "Basi jitu lenyewe lilikuwa dogo," akasema.

Nilifikiri yameishia hapo. Baadaye Wening akanijia jikoni, uso umebadilika. "Mama, nilipopata degedege nilinyweshwa nini?"

Anajua. Kila mtu anajua, Mbah huisimulia kwenye kila karamu. Mtoto hajaota jino, macho yamegeuka meupe, mganga wa zahanati yuko ng'ambo na mto umejaa. Mbah akashika kisu, akakwaruza ukingo wa Goti, akamtia mdomoni kwa kijiko. Kulipokucha mtoto ananyonya.

"Nimemnywa mtu," akasema.

"Kidogo tu," nikamwambia. "Na sukari guru."

Akacheka mpaka akalala chali sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akaenda kuoga. Alikaa bafuni muda mrefu.

Jumanne, 21 Novemba

Wening anasoma kwa sauti jikoni, mimi nafunga tempe kwenye majani ya mgomba. Napenda hivi. Nusu yake sielewi, lakini mikono inakwenda haraka zaidi.

Anasema kijana mmoja darasani alisimama akadai yeye ni mwana wa Adamu, hana ukoo na mifupa. Pak Jatmika akamjibu mtihani hauulizi ukoo wako, unauliza umri wa udongo. Wening akamchokoza Mbah, je, yeye anaonaje? Mbah hata hakugeuka. "Adamu ni wa watu wote, Nduk, mjukuu wangu. Jitu ni la nyumba hii."

Nikamuuliza Wening: huyu wa mtungini basi ndiye babu yetu? Akasema hapana, si hasa. Wazee wetu walikuja hapa baadaye sana, kutoka mbali. Watu wake yeye waliishi kando ya mto huu miaka isiyohesabika, kisha wakakatika. Nikasema sasa ni nani kwetu? Akafikiri, kalamu mdomoni.

"Kama kaka yake babu, Mama. Aliyekufa bila mtoto."

Nikaendelea kufunga. Baadaye, natandaza vifurushi vya majani kwenye kichanja, likanijia: asiye na mtoto hana wa kumpelekea maua kaburini. Huyu amepelekewa. Na Mbah, na mama mkwe wake Mbah kabla yake. Walidhani wanalibembeleza jitu.

Sikumwambia mtu. Nimeandika tu.

Jumamosi, 25 Novemba

Sragen mjini. Mashindano ya wanafunzi kuzungumza. Nilivaa kebaya ya kijani, ile ya harusi ya mdogo wangu, bado inafunga. Wening alizungumza juu ya zamadamu wa mto wetu bila kusoma karatasi hata mara moja. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, huyu mtoto wa nani? Nikamgusa bega. Wa kwangu, nikasema. Wa tempe.

Amekuwa wa pili. Wa kwanza alipewa kipaza sauti kizuri kuliko chake.

Lakini lipo jingine. Mmoja wa majaji, Bu Retna, ni mtu wa makumbusho. Mama mpole, miwani mikubwa. Alimuuliza Wening kwa utani tu: na wewe umewahi kushika fuvu la kweli, si la plasta? Watu wakacheka. Wening akanitafuta kwa macho kule nyuma. Mimi nikatikisa kichwa — hapana, mwanangu, sema hapana!

Akasema: "Ndiyo. Nyumbani."

Bu Retna akavua miwani.

Watakuja Alhamisi, yeye na Pak Jatmika. Kuangalia tu, wanasema. Lakini hata Yu Ginem anajua sheria: mfupa wa namna ile ukishaonwa na watu wa makumbusho, haulali tena mtungini.

Njiani Wening akasema, "Umekasirika, Mama?" Nikamwambia kwamba ningekuwa jaji ningempa wa kwanza. Ndiyo kweli.

Jumapili, 26 Novemba

Mbah ameambiwa. Kang Darmin alikuwa kwa mbuzi, kwa hiyo nimemwambia mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Niliingia nyumba hii nikiwa na miaka kumi na sita, nikapewa mtungi na nikapewa Goti. Likitoka, na mimi sina kazi hapa."

Wening akapiga magoti mbele yake. Akamweleza yote: kule litakaa ndani ya kioo, halitapata unyevu, litaandikwa jina la kijiji, wasomi watatoka nchi za mbali kulitazama. Alieleza vizuri sana. Mbah alimsikiliza mpaka mwisho, akamtengeneza ukosi.

"Na maua nani atampa?"



Jumanne, 28 Novemba

Mvua haikatiki. Mto umepanda mpaka kwenye mianzi. Tempe haishiki kwa baridi hii, nimefunika kwa magunia.

Mbah ana homa tangu jana. Alitoka kwenye mvua kwenda kuchuma maua ya Alhamisi, hakumwambia mtu. Mganga wa zahanati amekuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Kifua, kasema. Ameacha vidonge, na kasisitiza visikosekane hata mara moja, umri ule si wa kuchezea. Mbah anavishika mkononi, anavitazama, anavirudisha. Hatavimeza bila maji ya Goti. Vidonge peke yake ni chokaa, anasema.

Nilishachukua kisu. Wening akasimama mbele ya mtungi.

"Mama, usifanye hivyo. Kila chembe ikitoka hairudi. Mafuvu kama haya yamebaki machache duniani."

"Na bibi zako wamebaki wangapi?"

Mbah alikuwa anasikia kutoka kitandani. Sauti yake nyembamba, lakini ilifika. "Nduk, siku ile huna meno, sikuuliza kama ni goti au kichwa."

Wening akaondoka pale mtungini. Akaketi mlangoni, anatazama mvua. Nami sikukwaruza. Sijui kwa nini. Nilikuwa na kisu na njia ilikuwa wazi.

Jumatano, 29 Novemba

Homa ile ile. Uji vijiko viwili. Vidonge bado viko kwenye sahani. Kang Darmin amembembeleza mama yake kama mtoto, hata mbuzi amewasahau. Hataki.

Nimekaanga tempe kwa ajili ya wageni wa kesho. Kukitokea lolote, wasiseme kwetu walikula vibaya.

Alhamisi, 30 Novemba

Wameshafika. Barabara mbaya, wamechelewa, sasa jioni imeingia. Wamekaa kwenye mkeka barazani — Pak Jatmika na Bu Retna, na sanduku lenye sponji ndani yake. Sanduku nimeliona. Wanakunywa chai. Bu Retna amesema hajala tempe tamu kama hii, nikamwambia ni kweli. Kang Darmin anawaeleza habari za mbuzi wote, mmoja mmoja. Mungu ambariki, leo anafaa.

Nimekuja jikoni kuchukua Goti. Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

Mbah anaita. Hatamki jina langu, anaita tu, pumzi fupi. Usiku huu unaamkia Ijumaa Kliwon na Goti halijafutwa wala kupewa ua. Nimelitoa kwenye mchele, liko mezani. Nimechemsha maji. Naandika kwa sababu mikono haitaki kazi nyingine.

Wening ameingia. Kabeba sahani ya maua, yale yale aliyochuma Mbah kwenye mvua. Aliyaweka kwenye maji yasinyauke, sikujua. Ameyapanga juu ya mfupa. Amewasha ubani kama anavyomwona Mbah akifanya, akakohoa kidogo. Nje Bu Retna ameuliza, harufu nzuri, ni ya nini? Mume wangu amemjibu ni ya mbu.

Kisha kaondoa maua, kageuza Goti ukingo juu, kaniuliza:

"Pangu ni wapi? Nilipokwaruziwa."

Nikamwonyesha. Pale palipobonyea kidogo, palipolainika, upana wa ukucha. Nilikuwepo, siwezi kupasahau. Kaweka kidole hapo. Nikamkumbusha, Bu Retna ataona palipo pabichi. Ataniuliza, akasema, nami nitamjibu. Na sanduku je? Akavuta bakuli karibu.

"Kidonge kwanza, maji baadaye," akasema. "Nimekubaliana na Mbah. Hapa hapa tu, Mama. Pengine popote, hapana."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, kinagonga meza. Amekichukua. Mikono yake haitetemeki — hiyo nayo kaitoa kwangu, ya siku nyingine.

Ameketi mbele yangu sasa. Bakuli liko chini ya ukingo, asipoteze hata chembe. Anakwaruza. Kre, kre, kre.

Barazani mazungumzo yamekatika. Hata Kang Darmin kanyamaza. Mtu mmoja anainuka kwenye mkeka —