Chembe ya Kijani

Alhamisi, Mbeya. Baridi ya Julai imetukalia tangu asubuhi, ukungu haujatoka mlimani, na mimi nina furaha ambayo siwezi kumwambia mchungaji.

Leo Gadi nimemkomesha.

Gadi ni mwenzangu wa maabara. Nilipokwenda kwetu Mafinga, Mufindi, kumuuguza mama, aliingia kwenye kompyuta tunayotumia wote akabeba faili zangu za utafiti wa mmea wa dawa. Mmea ule ni wa mama. Ndiye aliyenionyesha majani anayoyachemsha pale mtu anapopata homa. Nami nilikesha kwenye zile tovuti zinazoonyesha jinsi molekuli inavyokaa ndani ya protini ya vimelea vya malaria, na inashikana nayo wapi.

Asubuhi Gadi akasimama mbele ya jopo linalochagua mtu mmoja wa kuendelea na utafiti. Akafungua tovuti, protini ikaanza kuzunguka ukutani. "Hii ndiyo molekuli ya mmea wetu wa Mufindi," akasema.

Wetu.

Damu ilinichemka. Kisha nikaangalia vizuri, nikaona chembe moja ya kijani kwenye molekuli, nikatulia kabisa.

Kabla hujapima molekuli yako, unapima kwanza dawa ya zamani inayojulikana, uone kama tovuti itairudisha mahali pake ndani ya protini. Gadi alikuwa ameiba faili ya jaribio hilo. Jani la mama halikuwemo kabisa.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, kaka Gadi. Naomba ubofye hiyo chembe ya kijani."

Akabofya. Tovuti ikaandika: klorini.

"Molekuli ya mmea wetu haina klorini, kaka. Hiyo ni dawa ya dukani."

Profesa mmoja wa jopo akamuuliza mmea wenyewe aliupima lini. Gadi akaanza kulaumu intaneti ya chuo.

Wenzangu wanasema ningemwita pembeni. Ningeweza. Sikutaka. Nilikuwa namkumbuka mama kitandani, akiniuliza kama majani yake yamekubali kwenye kompyuta.

Jopo limeniambia nilete faili zangu Jumatatu.

Jioni Gadi akanitumia ujumbe: "Dada Tumaini, nisamehe. Naomba unifundishe kutumia zile tovuti."

Nikamjibu: "Ni za bure, kaka. Hakuna haja ya kuiba."

Sijamsamehe, na leo sitajilazimisha. Kesho nitamsalimia mimi wa kwanza, kwa sauti, mbele ya watu.