Hakuna Aliyepinga Barabara Kuhamishwa

Jumatano. Mvua haijakatika tangu asubuhi na Songea yote imefunikwa na ukungu. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi. Mchana sijala. Chakula kipo, hamu ndiyo haipo.

Niandike tu, labda kichwa kitatulia.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu. Niko kwenye timu inayopitia ombi la mgodi mmoja wa makaa ya mawe. Wanataka kuhamisha barabara ya kijiji kwa sababu makaa mengine yamelala chini yake. Wenzangu wanatazama mitaro na madaraja, mimi natazama watu. Kijiji sitakitaja, maana mkubwa wangu ana tabia ya kupitapita mitandaoni.

Alhamisi iliyopita tulifanya mkutano wa hadhara. Tulieleza kwamba barabara ya zamani itafungwa moja kwa moja. Njia ya kuzunguka mlima, ambayo kwa sasa inatumika siku za kulipua baruti tu, ndiyo itakuwa barabara. Nikaomba mwenye pingamizi anyooshe mkono. Kimya. Nikauliza tena, kimya kile kile. Mhandisi, kiongozi wetu, mtu mcheshi wa kutoka mbali, akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona wananchi waelewa namna hii.

Lakini wanawake walikuwa wamekaa chini, kwenye ardhi yenye unyevu, na mabenchi matupu yapo. Kanga zimefungwa viunoni. Mtu aliyelelewa na bibi huku kwetu haambiwi kwamba hapo kuna msiba. Na kwetu, tanga lisipoondolewa watu hawabishani hadharani, wala namna marehemu alivyokufa haizungumzwi mbele ya wageni. Nilimwambia Mhandisi: hawa wamefiwa. Akasema, "Masikini. Basi tufanye haraka, tusiwachoshe."

Tukafanya haraka. Tukaandika: hakuna pingamizi.

Jana nilirudi peke yangu kufuata muhuri wa kijiji tuliosahau kugongesha kwenye fomu. Nikakuta tanga limeondolewa asubuhi ile ile. Vichwa vimenyolewa, pombe ya komoni inazunguka, watu wanaongea wote kwa pamoja, na wanachoongea ni barabara tu.

Mama wa marehemu alinikaribisha mkekani. Mgongoni alikuwa na kitoto kichanga.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Akanieleza. Binti yake Stela alishikwa na uchungu siku ya kulipua. Geti la barabara ya zamani lilikuwa limefungwa, na mlinzi wa mgodi akasema hana amri ya kufungua. Bodaboda ikashika njia ya kuzunguka mlima, ikazama kwenye tope kule bondeni. Wakambeba mikononi. Akajifungua hapo hapo njiani, mtoto akalia vizuri tu. Ila Stela akawa anatoka damu, na zahanati iko upande wa pili wa mlima.

Alisimulia polepole, huku akimtikisa mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kinachonitesa.

"Siku ile uliuliza nani ana neno," akasema. "Tulikuwa nalo. Ila wewe si wa huku huku, mwanangu? Tulijua utawaambia wenzako wasubiri."

Nikainamia kikombe changu cha chai.

"Na nyie mlipitaje kuja?" akauliza.

"Barabara ya zamani, mama."

"Siku ile walikuwa wanalipua."

"Walisimamisha ili tupite."

Akaniongezea chai.

Tangu hapo namwona Stela, mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Namwona amekaa nyuma ya bodaboda, ameng'ang'ania bega la dereva. Leo asubuhi nikienda kazini, pikipiki ikakwama mbele yangu kwenye tope, mwanamke amepakiwa nyuma. Alikuwa anaenda sokoni na ndizi zake, hana shida yoyote. Mimi nikaegemea ukuta wa duka la watu. Mwenye duka akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo, ningemwambia nini?

Ofisini nilimweleza Mhandisi kila kitu mbele ya timu. Alisikitika kweli, nisimwonee. Lakini akasema muda wa pingamizi umepita, na mambo ya mila tutayaweka kwenye kiambatisho. Kiambatisho! Nani amewahi kufungua kiambatisho? Nikamwomba jambo moja tu: kesho twende timu nzima, na safari hii tupite njia ya kuzunguka mlima.

Akacheka. "Dada, kwa mvua hii? Ile njia gari halipiti."

Nadhani alijisikia mwenyewe, maana alianza kutafuta miwani yake na miwani ilikuwa usoni.

Nikafuta "hakuna pingamizi". Nikaandika alichosema Mhandisi kuhusu ile njia, neno kwa neno, na jina lake pembeni. Amekataa kusaini. Mimi nimesaini. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na sidhani kama utaongezwa, na sitajifanya jasiri hapa: naogopa. Nina kodi ya nyumba kama watu wengine.

Taarifa itapanda huko juu na itasomwa wakipata nafasi. Mpaka hapo geti ni lile lile na amri ni ile ile. Kesho ni siku ya kulipua. Na jana pale mkekani nilikaa katikati ya wajawazito wawili. Mmoja alinishika mkono akiinuka, akaniambia tumbo limeshashuka, anasubiri tu.