Bakuli Nililolivunja

Hagi, 9 Novemba

Mwanangu Chizuru,

Nasikia siku hizi unajipikia, basi pokea mchele mpya, dagaa wakavu wa supu, na bakuli la kulia wali. Kulichagua kulinichukua asubuhi nzima. "Mzee, unatafuta bakuli au mkwe?" muuzaji alinitania. Nikamfokea kwamba vyombo vyake vya kiwandani ni tusi kwa mpishi.

Sikumwambia kuwa siku uliyoondoka nililivunja bakuli lako mlangoni, kama tunavyovunja la maiti anapotolewa nyumbani, ili asirudi tena. Nilijiona nina haki. Nilikosea, mwanangu.

Mama yako hawezi kula tena. Daktari amempa siku chache. Anauliza tu, "Chizuru akija atakula kwenye bakuli gani?"

Njoo nalo. Nakusihi, njoo kabla sijalazimika kulivunja la mama yako.

Baba yako,
Tokuzo