Klachi Mbili, Ng'ombe Mmoja

Mjomba Fahadi, shikamoo.

Simu zako nimeziona, ila kwenye barua huwezi kunifokea. Huku Lushoto mapeasi yameiva, na gari lako uliloniachia linang'aa kuliko meno yangu. Shida ni hiyo gia inayojibadilisha yenyewe. Kila niliposimama mlimani Shume nililishikilia lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta, bila breki, kama tufanyavyo na malori ya kabichi. Dereva mahiri hagusi breki! Likanuka. Fundi anasema gia ya aina hiyo ina klachi mbili ndani, zote zimeungua, na mpya ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Mama anaye mmoja tu, na Jumapili anampeleka mnadani. Mpigie umkataze, Mjomba, mimi hanisikii. Fundi amekubali nimfanyie kazi mwaka mzima kulipia klachi. Nimeshaanza kuosha spana.

Mpwa wako, dereva mstaafu,
Kassimu